Nilimwambia Nimesikia

Simu iliniambia imejaa. Ilikuwa Jumapili usiku, katikati ya Novemba, umeme umekatika Chikongola yote, hapa Mtwara mjini, nami nimekaa barazani nafuta picha za harusi za watu na video nilizotumiwa bila kuomba. Nikafika kwenye ujumbe wa sauti wa sekunde 19. Ulitumwa na binti wa mjomba wangu mwanzoni mwa Oktoba, siku ya nne tangu mjomba apigwe na kiharusi.

Niliujua. Ndio ule ambao sikuambulia kitu. Kidole kilikuwa tayari kuufuta.

Nikasema niusikilize mara ya mwisho.

“Zile korosho za bondeni bado mbichi. Waambie wazianike siku mbili tena. Zikilia, ndiyo wapeleke.”

Nikaurudia. Nikaurudia tena. Kila neno lilikuwa mahali pake. Ulimi mzito, ndiyo. S inateleza, k inapotea njiani. Lakini maneno yote yapo, na sauti ni ya mtu mzima anayetoa maagizo juu ya mali yake, bila papara.

Nikashuka chini kidogo kuona siku ile nilimjibu nini.

“Nimesikia mjomba. Pole sana. Pumzika.”

## Magunia mawili

Siku ile nilikuwa ofisi ya walimu, mapumziko ya saa nne. Chini ya ule ujumbe binti yake alikuwa ameandika: “Anasema na wewe. Mimi simwelewi.” Nikaweka simu sikioni mara tatu. Nilichosikia ni mtu anayeongea na tonge mdomoni, irabu zinafuatana bila kitu katikati, e-e o-oo, kisha pumzi, kisha tena. Mwalimu mwenzangu akaniuliza, “Mgonjwa?” Nikasema ndiyo, mjomba. Nikajibu nilivyojibu, kengele ikagonga, nikaingia darasani.

Kumwambia mgonjwa umesikia hata kama hukusikia ni jambo tunalolifanya sote, ili asijichoshe. Nilikuwa na nia njema kabisa.

Lakini kule Newala vijana walikuwa wanasubiri neno lake. Anayezijua korosho katika ukoo wetu ni mjomba, na anazijua kwa sikio. Korosho iliyokauka hulia: ukizichukua kiganjani ukazitikisa, zinatoa mlio mkavu kama kokoto. Mbichi ziko bubu. Mjomba hahangaiki na rangi ya ganda wala kuhesabu siku za jua. Anainama kwenye turubai, anachota kiganja kimoja, anazitikisa karibu na shavu, anasema bado au tayari.

Neno la bado lilitoka. Lilipitia kwangu, likaishia kwangu.

Wakazipeleka. Magunia mawili yakarudishwa kutoka ghalani kwa sababu ya unyevu, yakawekwa kwenye kona ya banda kwa sababu wakati huo kila mtu alikuwa njia moja na hospitali. Yalipofunguliwa kuvu ilikuwa imeshaanza. Zilizochambuliwa zikaingia daraja la pili. Nyingine tukazimwaga.

Fedha yake naweza kuihesabu, na nimeshaihesabu. Kisichohesabika ni kwamba mjomba alitimiza wajibu wake akiwa kitandani, nusu ya mwili imelala, na mimi nikamjibu kama anayeongea na mtoto mwenye homa. Hajawahi kuniuliza. Alipoambiwa magunia yamerudi, aliniangalia tu, na mimi nilidhani anaangalia kwa sababu ya ugonjwa.

## Kuchele

Alipotoka hospitali aliletwa kwa mama, Mikindani. Nikawa nashinda huko: kila siku baada ya vipindi, na mwisho wa wiki nalala huko huko. Siku za mwanzo mama ndiye aliyekuwa mkalimani. Alimwelewa kaka yake siku ya pili tu, hata feni ikiwa inavuma na watoto wanapiga kelele uani. Nilimwonea wivu, naandika hili bila kuficha. Mimi ndiye mpwa aliyesomeshwa kwa korosho zake, halafu nakaa pale kama mgeni anayetafsiriwa.

Neno la kwanza kulidaka mwenyewe lilikuwa “kuchele”.

Mtu wa huku hahitaji kuelezwa. Kumekucha. Mjomba amekuwa akilisema kila alfajiri tangu nina akili, kabla ya salamu, kabla ya maji ya kunawa. Sasa lilitoka kama u-ee-e, lakini saa hiyo, kwa mtu huyo, lisingeweza kuwa neno jingine lolote. Nikasema, “Shikamoo mjomba, kuchele,” naye akatikisa kichwa, na katika ule mtikiso nilihisi kitu kimekaa sawa kichwani mwangu. Kumbe k yake imekwenda wapi. Kumbe ch yake sasa inafanana na nini. Nilikuwa na neno moja ninalolijua kwa hakika, na kwa hilo nikaanza kuyapima mengine.

Siku zilizofuata sikufanya bidii yoyote ya maana. Nilikaa naye tu. Chai, dawa, habari za mnada, malalamiko yake kuhusu mto usio na pamba ya kutosha. Kufika wiki ya tatu tulikuwa tunazungumza. Tulibishana hata, na mjomba akishinda ubishi hucheka kwa kifua, na kile kicheko hakikuguswa na kiharusi hata kidogo.

Nikamwambia: “Mjomba, sasa unaongea vizuri kabisa.”

Akatabasamu kwa ile nusu ya mdomo inayomtii. Mama akasema alhamdulillahi. Nikapiga simu Newala, Masasi, Dar: mzee anaendelea vizuri, anaongea.

Hapo kuna jambo nililipita haraka wakati ule, na sasa ndilo linaloniuma zaidi. Alipewa mazoezi. Pa-ta-ka, pa-ta-ka, pa-ta-ka, mbele ya kioo, asubuhi na jioni: midomo, ncha ya ulimi, nyuma ya ulimi, kwa zamu. Tulikuwa tukimsimamia kwa ukali wa upendo. Baada ya wiki ya tatu tukalegea. Hakuna aliyekaa akaamua. Mtu anaongea vizuri, pa-ta-ka ya nini?

## Nyembe mbili na sabuni

Mwanzoni mwa Novemba tulitembea mpaka dukani, kwa fimbo yake, taratibu, kwenye kivuli. Alitaka kununua mwenyewe.

“Nyembe mbili na sabuni ya kipande.”

Nilimsikia vizuri kabisa. Kijana wa dukani akaangalia mdomo wa mjomba. Akaangalia fimbo. Kisha akaniangalia mimi.

“Anasemaje?”

Mjomba akarudia, polepole, akitumia nguvu mpaka mshipa wa shingo ukatoka. Kijana hakumwangalia tena. Macho yake yalikuwa kwangu muda wote, yanasubiri. “Mzee anataka nini?”

Nikasema mimi. Tukapewa. Tukaondoka.

Mpaka tulipofika kwenye mbuyu mjomba hakufungua mdomo. Tulipofika akasimama, akaegemea fimbo, akaniambia:

“Mbona uliniambia naongea vizuri?”

Nikamjibu kwamba yule kijana ana haraka na hana adabu. Nililiamini jibu hilo. Nililiamini wiki mbili, mpaka usiku ule wa simu kujaa.

## Nani aliyebadilika

Jumatatu niliingia ofisini na simu mkononi. Nikamwomba yule mwenzangu wa Oktoba asikilize tena ule ujumbe wa zamani. Akasikiliza mara mbili. “Bado simwelewi mzee wa watu.” Nikamwekea mwingine, wa wiki hiyo ya Novemba, ambao mjomba aliniambia nimletee betri za redio. Akafikiri. “Redio?” Hilo tu.

Kwake yeye sauti mbili zilikuwa karibu sawa. Kwangu mimi zote mbili zilikuwa wazi kama mchana, pamoja na ile ambayo Oktoba ilikuwa ukuta mtupu.

Sekunde zilezile 19. Hakuna aliyezigusa.

Ulimi wa mjomba ulikuwa umesogea kidogo. Kilichosogea sana ni sikio langu, na mimi nikauita msogeo huo kupona. Nikampongeza mgonjwa kwa kazi iliyofanywa na kichwa changu bila hata kuniomba ruhusa, na kwa pongezi hiyo nikamwondolea mazoezi aliyokuwa anayahitaji.

Tangu hapo nimekuwa nasoma kila ninachokipata kuhusu jambo hili, usiku, kwenye simu ileile. Nilitaka kujua kama ni mimi tu. Si mimi tu. Ni kila mwenye masikio.

Kilichonishangaza kwanza ni kwamba hata bila kiharusi, kumwelewa binadamu mwenzako ni jambo ambalo kwa hesabu za vipimo lingetakiwa kushindikana. Mwaka 1952 watafiti wawili wa maabara za Bell nchini Marekani, Gordon Peterson na Harold Barney, walitangaza vipimo vya sauti za watu 76: wanaume 33, wanawake 28, watoto 15. Kila mmoja alisoma maneno yaleyale 10 mara mbili. Walipoyapima masafa ya irabu, waliona irabu ya mtu mmoja inaangukia palepale penye irabu nyingine ya mtu mwingine. Njia ya sauti ya mwanamume mzima, kutoka kooni mpaka midomoni, ni kama sentimita 17. Ya mtoto ni fupi zaidi, na filimbi fupi haitoi mlio wa filimbi ndefu. Hakuna o moja duniani. Kuna o ya mjomba, o ya mama, na o za watoto wa darasa langu, kila mmoja na yake.

Miaka mitano baadaye, 1957, Peter Ladefoged na Donald Broadbent walionyesha sikio linavyojinasua. Walitengeneza sauti kwa mashine, sentensi fupi inayomwomba msikilizaji aseme neno linalofuata ni lipi. Neno la mwisho hawakuligusa. Walichobadilisha ni sentensi iliyotangulia, wakaifanya isikike kama imetoka kwenye koo jingine. Wasikilizaji wakasikia neno jingine. Kwa maneno mengine, sekunde mbili za mwanzo tayari tunampima mtu: koo lake likoje, irabu zake zimekaa wapi. Tukishampima ndipo tunaanza kumsikia.

Hapo nilielewa kuchele yangu.

Na nilielewa zaidi nilipokutana na kazi ya Dennis Norris, James McQueen na Anne Cutler ya mwaka 2003, waliyoifanya kwa wasikilizaji wa Kiholanzi. Walitengeneza sauti moja isiyo s wala f, iko katikati. Kundi moja wakalisikilizisha sauti hiyo ndani ya maneno yanayodai s, kundi jingine ndani ya maneno yanayodai f. Chukua mfano wa kwetu: ukisikia “?abuni”, kichwa hakiwezi kusema fabuni, hakuna kitu hicho, kwa hiyo ile sauti ya mashaka lazima iwe s. Ukisikia “?undi”, lazima iwe f. Maneno 20 tu ya namna hiyo yaliyochanganywa na mengine yalitosha. Baadaye watu wakisikilizishwa sauti ya mashaka peke yake, bila neno, kundi la kwanza likasikia s na kundi la pili likasikia f. Mpaka kati ya sauti mbili ulikuwa umehamishwa, na wenyewe hawakuambiwa wajifunze chochote.

Maneno 20. Mjomba aliongea nami maelfu.

## Kalamu, na ndonya ya bibi

Kuna utafiti mmoja ambao nilipousoma niliiweka simu chini.

Mwaka 2008 Tanya Kraljic, Arthur Samuel na Susan Brennan walitumia sauti ya mashaka kati ya s na sh, lakini safari hii msikilizaji alimwona msemaji kwenye video. Wengine walimwona, kila inapokuja ile sauti, akiwa na kalamu mdomoni. Wengine walimwona na kalamu mkononi. Sauti ni ileile. Waliomwona na kalamu mkononi, masikio yao yakajirekebisha: huyu ndivyo anavyoongea. Waliomwona na kalamu mdomoni hawakujirekebisha. Ni kama kichwa kilisema: hii si sauti yake, ni ya kalamu, itatolewa sasa hivi, ya nini kuhangaika.

Oktoba, mimi nilimsikiliza mjomba kama mtu mwenye kalamu mdomoni.

Nilisema ugonjwa unaongea. Utapita, kisha mjomba atarudi, na hapo nitamsikiliza. Siwezi kuthibitisha kwamba hicho ndicho kilichoniziba masikio siku zile tatu nne. Kiharusi si kalamu, na hali yake ilikuwa mbaya kweli. Lakini najua nilivyokuwa nasikiliza. Nilikuwa nasikiliza kama anayesubiri mvua iishe. Mama hakusubiri. Siku ya pili alivuta kigoda, akakaa usawa wa uso wa kaka yake, akamwambia, “Haya, sema.” Kwa mama yule ndiye alikuwa kaka yake, tayari, na ule ndio mdomo wake.

Hapo nikamkumbuka bibi yake mama.

Nilimkuta nikiwa mdogo, Newala, amekunjamana kama korosho yenyewe, na ndonya kwenye mdomo wa juu. Siku hizi wenye ndonya tunawaona kwenye vinyago tu, lakini yule alikuwa anatuita tule. Kipande cha mpingo kinene kama kizibo kikubwa kilikaa kwenye mdomo wake tangu usichana. Midomo haikukutana sawasawa. B yake ilikuwa na upepo, p yake ilikuwa pumzi zaidi kuliko sauti, na m ilitokea puani. Wageni walikuwa wakimsikiliza kwa heshima, kisha wanageuka kwa mtu mwingine. Sisi wajukuu na vitukuu tulimwelewa hata akiongea ndani ya nyumba na sisi tuko chini ya mwembe. Alitupa hadithi ndefu za usiku kwa Kimakonde, na akitukemea alitumia Kiswahili, na sikumbuki hata mara moja kukosa neno.

Hatukuwahi kudhani kwamba tunafanya kazi yoyote. Ndonya haikuwa kitu cha kuondolewa ili bibi arudi. Bibi alikuwa yule.

Nimejiuliza usiku mwingi: kama mtoto wa miaka mitano alimsikia mtu mwenye kipande cha mti mdomoni, mwalimu mwenye miaka 17 kazini alishindwa nini?

## Macho yanayotangulia

Yule kijana wa dukani nimemsamehe, na ningependa naye asamehewe na wengine, kwa sababu aliyofanya naona ninayafanya.

Mwaka 1992 Donald Rubin, huko Marekani, aliwasikilizisha wanafunzi wa chuo mhadhara uliorekodiwa na mzungumzaji mmoja aliyezaliwa na Kiingereza chake. Mbele yao kulikuwa na picha ya mwalimu. Wengine walionyeshwa picha ya Mzungu, wengine ya mtu mwenye sura ya Asia Mashariki. Sauti moja. Waliotazama sura ya Asia walisema wanasikia lafudhi ya kigeni, na walichokielewa kilipungua. Lafudhi haikuwepo kwenye kanda. Waliiona kwa macho, wakaisikia.

Kijana aliona mdomo uliopinda na fimbo. Kabla ya neno nyembe kufika, alikuwa amekwisha kuamua kwamba halitafika. Ndiyo maana mjomba aliporudia hakusaidika: aliyekuwa anarudiwa alikuwa ameshafunga mlango, anasubiri mimi nimfungulie dirisha.

Na mimi? Kila Januari napokea watoto wa darasa la kwanza zaidi ya 80. Wengi wametoka nyumba za Kimakonde na Kimwera. Wana mapengo ya meno ya mbele. R kwao ni l: lafiki, balabala, lula. Wiki mbili za mwanzo darasa zima linanichosha, sauti 80 tofauti, kila nikigeuka ni koo jingine, na jioni kichwa kinaniuma kwa namna ambayo mwezi wa tatu hakiumi tena. Sikujua kwamba hayo ni maumivu ya kupima makoo 80. Nilidhani ni watoto wasioongea vizuri.

“Ongea vizuri.” Hilo ndilo neno langu, miaka 17. Nimemwambia mtoto anayesema lafiki, mbele ya wenzake, ongea vizuri, nami nikiwa nimeshaelewa anachosema. Kuandika r ni lazima nimfundishe; ndiyo kazi yangu na sitaiacha, kwa sababu jina likiandikwa kwa l shuleni na kwa r benki, mkulima wa kesho atasumbuliwa dirishani. Lakini kuandika ni jambo moja na kusikika ni jingine, na mimi nilikuwa nimeyafunga kamba moja. Kuna watoto walionyamaza tangu Februari hadi mtihani wa mwisho. Nilikuwa nawaandika kwenye ripoti: mkimya.

Mwaka huu ripoti hizo nimezijaza upya. Za miaka iliyopita zimeshakwenda nyumbani kwao.

## Kila Jumapili

Nilimweleza mjomba yote, pamoja na korosho. Nilikaa kwenye kigoda cha mama. Nilimchezea ule ujumbe wake wa Oktoba, yeye mwenyewe akausikia, nikamwambia, “Mjomba, siku ile sikusikia. Nilikudanganya.” Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, “Nilijua. Mtu aliyesikia angeuliza siku ngapi.”

Sasa pa-ta-ka imerudi, asubuhi na jioni, na safari hii msimamizi ni yeye mwenyewe. Kioo kimetundikwa usawa wa kiti chake.

Kwa kuwa masikio yetu ya nyumbani hayafai tena kuwa mizani, tumetafuta mizani nyingine. Kila Jumapili mjomba anarekodi maneno yaleyale, yale ya korosho, na mimi natafuta mtu ambaye hajawahi kumsikia: dereva wa bajaji, muuza samaki, mwalimu wa zamu mgeni. Simwonyeshi picha wala simwambii ni mgonjwa. Namwomba aandike anachosikia. Jumapili ya kwanza tulipata maneno mawili katika kumi na manne. Ya pili mawili. Ya tatu manne. Mjomba anakitaka kile kikaratasi mkononi, anakisoma mwenyewe, anakikunja, anakiweka chini ya redio.

Kwa upande wa pili, jioni anakwenda barazani kwenye bao. Hilo alilichagua yeye. Anasema ulimi wake una umri wa miaka 71 na hana hakika utasikia amri mpaka wapi, kwa hiyo na watu nao wajifunze. Wazee wenzake wiki ya kwanza walimchezea bila kumsemesha. Wiki iliyopita nilipompitia nilikuta wanabishana naye, watatu kwa mmoja, na hakuna aliyenitazama.

Juzi alikuja kijana wa bodaboda kuleta mzigo kutoka Newala, korosho za kula nyumbani, kwenye mfuko wa kaki. Alikuwa mgeni kwetu. Mjomba akafungua mfuko, akachungulia, akamwambia kitu. Nilikuwa nimeshafungua kinywa ili nitafsiri. Nikakifunga.

Kijana akasema, “Samahani babu, sijakupata. Zikifanyaje?”

Mjomba akarudia.

“Zikilia?” Akasogea. “Korosho zinaliaje, babu?”

Mjomba akachota kiganja kimoja kwa mkono ule wenye nguvu, akamwashiria ainame, akazitikisa karibu na sikio lake.